Gari Jekundu la Mke Mwenzangu

Jumanne. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na bado haijachoka. Mtaa wetu wa Nguvumali wote tope. Magoti yananiuma, lakini moyo mweupe.

Shule sikwenda maishani. Miye nasema, mjukuu wangu Rukia anaandika, na akiyapaka asali maneno yangu nitamjua, maana miye si mpole hivyo.

Leo nimeshindana magari na mke mwenzangu, Bi Zena.

Si magari ya barabarani. Ni mchezo ulio kwenye kishikwambi cha Rukia, ile simu pana kama sinia. Magari unayaona kutoka juu, kama umekaa juu ya paa, madogo kama punje, yanakimbia kama yamefukuzwa. Moja lako, moja la mwenzio. Ukibonyeza linakimbia, ukiburuta kidole linakata kona, ukiachia linasimama.

Siku za mwanzo niligonga kila ukuta. Gari likishuka kuja kwangu, kulia kunakuwa kushoto. Nikawa nakizungusha kishikwambi kama ungo, nilifuate, na Bi Zena analalamika namwibia barabara. Kisha nikakumbuka kuchagua mchele. Hapo hutazami kidole, jicho linatangulia kwenye jiwe. Toka siku ile nikaanza kumshinda, mojamoja.

Marehemu mume wetu alipokuwa hai, Zena nami hatukula sinia moja. Alipofariki tukabaki wawili nyumbani, tukasemeshana, maana nigombane na nani mwingine? Sasa mwanawe anayeishi kijijini Moa anataka mama yake akakae kwake. Begi limefungwa toka Jumapili, limewekwa mlangoni. Siku mbili napita kando yake najifanya silioni.

Nakiri. Sikuweza kumwambia abaki. Mdomo huu usioogopa mtu ulikuwa mzito.

Nikamwambia, "Mizunguko mitatu. Nikishinda, begi unalifungua. Ukishinda, nakubebea miye mwenyewe mpaka kwenye basi."

"Kamari haramu."

"Pesa umeiona wapi, weye? Kaa chini."

Akakaa, akajifunga kanga kiunoni. "Utalia leo, bibie."

Mizunguko miwili yote alikuwa mbele. Gari lake jekundu, langu la kijani. Wa tatu nikajibamiza kwenye kona, gari likageukia nilikotoka. Nikajua basi, Zena anakwenda.

Yeye alibakiwa na kona moja.

Akaondoa kidole, akajikuna pua.

Gari jekundu likasimama palepale, karibu na mstari. Akajikuna polepole, upande huu, upande ule, mpaka la kijani likageuka, likaja, likapita. Ndipo akasema, "Ah. Pua imeniwasha."

Nikamcheka. Nikamwita kizee asiyejua hata kushika usukani. Akanijibu niache maneno, nikamsaidie kutoa kanga begini, na mvua hii zitavunda.

Mchana tumekula wali na samaki, sinia moja. Zena mwenyewe kampigia simu mwanawe, kamwambia haendi Moa, kashindwa kihalali.

Kihalali.

Miaka yote tuliyogawana mume, Zena hakuniachia hata mnofu wa samaki. Leo kaniachia barabara nzima. Najua alichofanya, naye anajua kwamba najua. Kulitamka hatutalitamka, si mimi wala yeye.

Rukia ananiuliza kama kweli aliandike hili, Bi Zena asije akasomewa na mtu. Asomewe.

Kesho tunacheza tena, bila masharti. Na miye pua ninayo.