Baraza la Kumposea Dada Ester

Jumamosi jioni, Juni 1975

Mikono bado inanuka samadi, lakini baraza linapendeza! Kesho wazee wa Mabamba wanakuja na kijana wao kumposa Dada Ester, na Baba alinikabidhi mimi kulipamba.

Nilisiriba sakafu kwa samadi, nikapaka ukuta udongo mweupe na mstari mwekundu chini. Kisha nikapanga vigoda safu mbili, vyote vikitazama barabarani.

Bibi akacheka mpaka akashika nguzo. "Mwalimu, wanafunzi wako wanaingia saa ngapi? Na mtungi wa pombe? Watapitishiana mirija kwa visogo?"

Niliona aibu. Ester akaja tukavipanga mviringo, mtungi katikati. Halafu akaingia ndani, akachungulia dirishani, yeye ambaye kesho hataruhusiwa kutoka mpaka aitwe.

"Kijana mkalishe pale," akaninong'oneza, akinionyesha kigoda kinachoelekea dirisha. "Nataka nimwone vizuri kabla sijaulizwa."

Kumbe naye anaogopa. Kwa safu zangu angeona kisogo tu!

Kigoda hicho nimekitandikia kitambaa changu cha maua, nisije nikakosea. Baba ameuliza kwa nini kimoja tu. Nimesema vitambaa vimeisha.