Kioo Kinachong'arisha Kiache

Marahaba, mjukuu wangu. Bibi yako hajambo, ila anazionea wivu barua zako.

Unauliza ununue kioo gani cha kompyuta cha kurekebishia picha? Umempata bingwa wa kamera Ngara nzima! Chukua chenye rangi za kweli.

Miaka ile wakimbizi walipojaa kambi za hapa kwetu, nilipiga picha za watoto waliopotezana na ndugu zao, ili ndugu wawatambue. Fundi wa kusafisha picha akawang'arisha wote, kama alivyozoea kwa maharusi. Bikizee mmoja mwenye macho hafifu akaitazama moja.

"Hapana, baba. Mjukuu wangu mweusi, sweta yake ya njano. Huyu mweupe, sweta nyeupe."

Akapanda lori kwenda kumtafuta kambi nyingine.

Muda mfupi baadaye nikamwona mtoto wa ile picha: mweusi, sweta ya njano. Nililikimbiza lori kwa baiskeli, sikulipata. Hadi leo sijui kama walionana.

Babu yako