Fimbo Yenye Kichwa Kipana

Mjukuu wangu Wakesho,

Huku Voi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Shangazi yako amevuna kunde kule Wusi, na fungu lako amekuwekea.

Unauliza ununue fimbo gani ya gofu ya kupigia mbali, maana unaona haya kubeba ile yenye kichwa kipana mbele ya wenzako wa kazini. Mimi nilipokuwa msichana wa shule nilichagua yenye kichwa chembamba, kwa kuwa wachezaji hodari walibeba hiyo. Kila mpira niliopiga ulikimbilia kwenye mkonge, nikakaribia kuacha mchezo.

Mzee Otieno wa reli, aliyetufundisha, akanipa yake pana.

"Mghoi, hiyo yako ni ya waliokwisha kujua. Hii, hata ukikosea kidogo, mpira utaenda mbele."

Nilipiga vibaya, lakini mpira ukaenda mbele, mbali sana.

"Haya, kauokote," akasema. "Leo utatembea mpaka uchoke."

Nilitembea nikicheka. Mpaka leo namshukuru mzee yule.

Nunua pana, mjukuu wangu. Wenzako wakicheka, wewe tembea ukaufuate mpira wako.

Nyanya yako akupendaye,
Mghoi