Akicheka, Magoti Yanamwisha Nguvu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla wivu haujanitoa roho. Mume wangu ni fundi rangi, mtu wa kusinzia, yaani nampakulia chakula naongea weee kumbe mwenzangu kashalala na kijiko mkononi, nami najiambia kazi inamchosha, lakini juzi alikuja nyumbani na mwanamke mmoja fundi vigae anayefanya naye kazi, yule dada akatupa mzaha pale mlangoni kuhusu bosi wao, mume wangu akacheka, kichwa kikamning'inia, magoti yakalegea, akaporomoka macho yakiwa wazi, na kabla sijainuka dada wa watu kashamdaka kiunoni, tena bila kushtuka, akaniambia, "Usiogope wifi, akicheka sana ndivyo anavyokuwa, tumeshamzoea, hata ngazi hatumpi." Wamemzoea, mshauri. Mimi mke wa ndoa sikuwahi kumwona akianguka kabla ya juzi, maana kwangu hacheki, kwangu analala tu. Nimenuna mpaka amekubali kuacha kazi pale, Jumatatu anaanza kupaka rangi jengo la ghorofa kwingine, lakini moyo bado unaniwaka. Nifanyeje?

Mke wa fundi rangi

Pole, mama. Wivu unauma, na sikucheki. Lakini mtu anayelala na kijiko mkononi, akicheka akaishiwa nguvu, huenda ana maradhi ya usingizi. Yapo, yana madaktari wake, na wengi wanaoyaugua huitwa wavivu au walevi mpaka wakafukuzwa kazi. Yule dada amekuita wifi. Anayemnyemelea mume wa mtu haanzi kwa kumweleza mkewe hatari iliyopo. Wenzake wamemnyima ngazi, wewe umemtafutia ghorofa. Kule juu kwa wasiomjua, mtu akitoa kichekesho, nani atamshika?

Jumatatu haendi kokote. Nendeni hospitali, mseme yote, kusinzia na kuanguka, bila kuona haya, na mpaka daktari aseme vingine, asipande juu wala asiendeshe chombo. Kisha mpigie simu yule dada, meza mate machungu, umwombe amsaidie kurudi kwenye kazi yake ya chini.

Tena niseme ukweli, unachomwonea wivu yule dada ni kicheko. Mumeo anafika kwako amechoka, anapakuliwa wali na lawama. Leo mpe kisa kizuri, kile cha kuchekesha kweli. Ila mkalishe chini kwanza, nawe ukae karibu, mikono tayari.