Vidole Viwili vya Pumzi

Jumatatu, 4 Agosti

Leo Shangazi amenipa ufunguo wa chumba cha cherehani. Amenipa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaninyooshea kidole. Kazi moja tu! Majoho kumi na mawili ya kwaya. Wakiridhika, niendelee na kazi ya Bibi. Wakiyakataa, chumba anapewa muuza simu. Nikasema sawa. Mimi kila kitu nasema sawa.

Bibi alikuwa anasikiliza kwenye kiti chake dirishani. Tangu apate kiharusi, miezi minne sasa, hajatamka neno. Mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Tasbihi imehamia kushoto.

Chumba bado kinanukia chaki na mafuta ya cherehani. Shangazi naye alishona humu zamani, kabla hajaolewa. Siku hizi hagusi hata sindano.

Nimechungulia chini ya meza ya kukatia. Fuko la vipande bado lipo! Pale ndipo nilipokuwa nakaa kabla sijaanza shule, nikipanga vilivyoanguka: vyeupe vya kanzu, vyekundu vya kwaya, vyeusi vya wafiwa. Wateja nilikuwa nawaona miguu tu. Na sauti ya Bibi kutoka juu: "Mke mwenzangu, bado uko hai huko chini?"

Jumanne, 5 Agosti

Kwaya wamekuja kupimwa. Watu kumi na wawili, wote wanaongea kwa pamoja. Wamempa Bibi shikamoo mmoja mmoja, na Bibi akawa anawaitikia kwa macho. Kuna mmoja wanamwita Besi — mlangoni alipita kwa ubavu. Mikono yangu haikufika mgongoni kwake, ikabidi ashike ncha ya futi mwenyewe. "Zunguka tu binti, mimi ni kisiwa!" Wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto.

Kuna jambo sikulifanya. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Bibi hakuwahi kumpima mwanakwaya akiwa kimya. Alikuwa anawaambia: imbeni. Anashika futi kifuani, wao wanaimba, anasubiri hadi kifua kijae kabisa, ndipo anasoma namba. Kisha anaongeza vidole viwili. "Vya pumzi," anasema. Na mwenye kanzu lazima arukuu na kusujudu kwenye mkeka wa pale kona, ndipo pindo likatwe.

Nilitaka kusema imbeni. Lakini watu wazima kumi na wawili — mimi niwaamrishe? Mwalimu wao wa kwaya alinitazama kama anayengoja kitu. Nikasema asanteni, nimemaliza.

Mwili ni ule ule, si ndiyo?

Ijumaa, 8 Agosti

Fundi saa amekuja kuchukua kanzu yake, ile Bibi aliyoikata kabla hajaugua. Mimi nilimalizia pindo tu. Hakungoja kuambiwa. Akavua viatu, akaenda kwenye mkeka, akainama, akasujudu, akasimama. "Haijavuta nyuma?" Alimuuliza Bibi, si mimi. Kisha akakumbuka kwamba Bibi hajibu. Akasimama pale na kanzu yake mpya, hajui pa kutazama.

Nikampa kiti. Akanisimulia. Kuna mwaka alikuja mama mmoja kutoka nchi ya mbali sana. Huyo ibada yake ni kukaa chini amekunja miguu, kimya, saa nzima. Hakuna lugha waliyoelewana. Bibi akaketi sakafuni mbele yake, naye akakunja miguu vilevile, aone kitambaa kinabana wapi. Wakashindwa kuinuka! Wakacheka hadi chai ikapoa. Na wiki hiyohiyo kuna mfiwa alitaka nyeupe, mwingine akataka nyeusi, wakakutana mlangoni, kila mmoja akamshangaa mwenzake.

"Bibi yako hakumuuliza mtu anaamini nini," fundi saa akasema. "Aliuliza, ukisali unafanyaje? Basi."

Shuleni tuliandika insha: namna dini na utamaduni vinavyojenga jamii, pamoja na mifano. Nilipata alama zote. Mifano niliikariri kitabuni. Kumbe yangu ilikuwa inapita juu ya kichwa changu miaka yote ile, na mimi niko chini ya meza napanga vipande!

Jioni nimemkumbuka Bibi hadi machozi. Naye yuko palepale, hatua tatu kutoka nilipo.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemaliza! Yote kumi na mawili, mekundu, yamepangwa ukutani kama watu. Mishono imenyooka. Shangazi amepitisha kucha kwenye mshono mmoja, kama anayesoma. Akasema afadhali. Kwa Shangazi hiyo ni nishani.

Nimemwonyesha Bibi moja. Amelipapasa kifuani. Akalitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nikajifanya natafuta mkasi.

Jumapili, 24 Agosti

Yamepasuka.

Mwalimu wa kwaya amekuja mwenyewe baada ya ibada. Alikuwa mpole, na hilo ndilo baya zaidi. Anasema ubeti wa kwanza ulipita salama. Kwenye kiitikio wakavuta pumzi, na kwapa la Besi likaachia — trrr! — kanisa zima likageuka. Halafu dada wa sauti ya kwanza. Halafu watatu kwa mpigo. "Binti, tuliimba, majoho yakaitikia." Alitaka nicheke.

Shangazi alisikia yote. Hakugomba. Alichukua simu yake, akatoka uani. Muuza simu anakuja Alhamisi kupima chumba.

Jumatatu, 25 Agosti

Leo chumba sikukifungua.

Jumanne, 26 Agosti

Nimekwenda kwa mwalimu wa kwaya. Peke yangu! Nilipita mbele ya mlango wake mara tatu ndipo nikabisha. Nikamwambia ukweli: si mkono wangu uliokosea, ni mdomo. Nilipaswa kuwaambia muimbe, nikaona haya.

Akasema, "Nilijua. Siku ile nilisubiri useme. Nikadhani Bibi amekufundisha njia mpya." Wanayahitaji Jumapili. Wote watakuja Alhamisi na majoho yao, niwapime upya.

Na muuza simu naye Alhamisi.

Alhamisi, 28 Agosti

Mkasi nimeuweka pembeni, nashika kalamu kwanza.

Walifika saa kumi. Muuza simu alikuwa keshafika, anapima ukuta wa rafu kwa futi yake ya chuma. Shangazi yuko mlangoni. Bibi dirishani. Nikasimama mbele ya Besi na futi.

Nikasema imbeni. "Eti?" Nikapiga moyo konde. "Imbeni!"

Chumba kikajaa. Sikujua kwamba wimbo una uzito — futi ilinisukuma vidole! Nikasubiri, nikasubiri, hadi kifua kikajaa kabisa, nikasoma namba. Nikatamka kwa sauti: naongeza kidole kimoja. Kwa sababu kitambaa kimekwisha, na ndani ya mshono kimebaki kidogo tu.

Bibi akagonga kiti chake. Tasbihi ilikuwa imeanguka. Mkono wa kushoto uko juu, na mbele ya watu wote, vidole viwili.

Muuza simu akaacha kupima.

Viwili! Nitavitoa wapi? Kisha nikakumbuka fuko. Vipande vyekundu vya miaka yote, majoho ya watu ambao sasa wengine ni marehemu. Vinatosha kutia kipande kila kwapa. Wekundu wake umefifia kidogo, utaonekana wakiinua mikono. Na uonekane.

Kwa hiyo niko chini ya meza. Magoti yamefika kidevuni. Kwaya wanangoja uani, bado wanaimba, polepole. Kutoka hapa naona miguu tu, kama zamani. Viatu vya muuza simu vimesimama, havijui viende wapi. Kandambili za Bibi. Vipande ishirini na vinne vya kushona, cherehani moja, na hadi Jumapili ni siku tatu tu.

Miguu ya Shangazi imeingia ndani kutoka mlangoni. Imepita viatu vya muuza simu. Imevuta kiti. Sasa mguu wa kulia uko juu ya pedali ya cherehani.

Haujakanyaga bado.