Miaka Miwili ya Maziwa

Jumatatu, 3 Septemba

Maji ya ziwa pale Bangwe ni baridi tena. Nimeingia hadi kifuani, nimevuta pumzi, nimejitupa. Hadija alikuwa mbele akinicheka. Yeye ni mtoto wa Ujiji, anauza dagaa Kibirizi, na majini anaenda kama mtu anayekatiza sokoni. Mimi natumia nguvu nyingi na sifiki popote. Miguu yangu inazama. Yake haizami. Kwa nini? Unene wetu ni mmoja. Namshonea nguo, vipimo vyake navijua kwa kichwa.

Leo nimegundua kitu. Nikitazama chini, miguu inapanda. Nikiinua kichwa kuangalia nchi kavu iko wapi, miguu inashuka. Kumbe kichwa ndicho kinachozamisha miguu. Nitajaribu tena kesho.

Kisha cherehani mpaka jioni. Mabega yanauma. Nimefurahi.

Jumatano, 5 Septemba

Nimejiandikisha. Basi, hakuna kurudi nyuma.

Mwalimu Saidi, yule wa michezo anayeandaa shindano, aliweka meza yake pale Mwanga karibu na kibanda changu. Kuogelea Bangwe, baiskeli hadi Simbo na kurudi, halafu kukimbia mpaka uwanjani Ujiji. Watu wameshalibatiza Tatu kwa Moja. Wateja wangu wanauliza kama nimechanganyikiwa. Mmoja kauliza zawadi ni nini. Nikasema medali. Akanionea huruma.

Wanashindana kwa umri. Wanawake wa miaka thelathini na mitano hadi arobaini na minne ni kundi moja. Arobaini na mitano kwenda juu, kundi jingine. Nimesema arobaini na minne. Mwalimu akataka tarehe ya kuzaliwa, nikasema Januari Mosi. Akacheka, akasema nyinyi mliotoka Burundi wote mmezaliwa siku ya sikukuu.

Ni kweli. Mama ni Januari Mosi. Marehemu baba, Januari Mosi. Karani aliyetupokea wakimbizi Kagunga, mpakani, aliandika hivyo kwa kila asiyejua siku yake. Maisha yangu yote nimeitaja tarehe hiyo bila kuifikiria. Leo nimeifikiria njia nzima hadi nyumbani Katubuka. Siku ni ya kubuni. Sasa mwaka je? Mwaka nao nani aliuona?

Ijumaa, 7 Septemba

Nimemuuliza Mama. Nyumbani tuko wawili tu siku hizi. Mwanangu Anita yuko chuoni, baba yake yuko barabarani na lori. Mama alikuwa anachambua maharage. Nikamwuliza nilizaliwa lini hasa. Akasema wakati wa kuvuna maharage. Nikamkumbusha kwamba kwao maharage yanavunwa mara mbili kwa mwaka. Akasema basi ilikuwa mojawapo. Nikauliza tulipovuka ziwa nilikuwa na miaka mingapi. Akasema chumvi imekwisha, niende dukani.

Chumvi ilikuwepo. Nimeiona mwenyewe, pakiti nzima.

Jumapili, 9 Septemba

Baada ya misa, baiskeli hadi Simbo. Nilikuwa nimeng'oa keria ili baiskeli iwe nyepesi. Ni nyepesi kweli, lakini inayumba kwenye mteremko kwa sababu nimezoea kubeba robota la vitambaa nyuma. Mwili wangu unategemea mzigo ambao haupo. Ajabu. Wanaume wenye madumu ya mawese walinipita wakipanda mlima, wakanipa pole. Pole yenyewe ilikuwa ya kejeli.

Nimerudi nikiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Mama akanitazama, akaniletea maji ya kuoga.

Jumatano, 12 Septemba

Leo lazima niandike vizuri.

Mama mmoja alileta kaptula ya mwanawe ya shule, imechanika makalioni. Mtoto akasimama mbele yangu nimpime, akitikisa jino kwa ulimi. Meno mawili ya mbele hayapo, la tatu linaning'inia. Nikamwuliza yuko darasa la ngapi. La kwanza. Miaka sita.

Nikabaki na futi ya kupimia mkononi. Mimi nakumbuka jino. Nakumbuka boti, gunia lenye harufu ya mafuta ya taa, tumbo la Mama mgongoni mwangu, na ulimi wangu ukisukuma jino la mbele. Lilitoka. Nikalitupa majini na nikalia kwa sababu nilitaka kulitazama tena.

Karatasi zangu zinasema nilipovuka nilikuwa na miaka minne.

Nimewauliza akina mama watatu waliopita kibandani meno ya watoto wao yalianza kung'oka lini. Wote wamesema sita, au karibu na sita. Mmoja kauliza kama nimeacha kushona sasa natibu meno.

Jino halikuandikwa na karani.

Ijumaa, 14 Septemba

Nimemweleza Mama habari ya jino. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Redio ilikuwa inazungumzia kambi ya upande wa Kasulu. Itafungwa, watu watarudishwa Burundi. Mama akaizima redio. Akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa mdogo:

"Umri wako ni ule ulio kwenye karatasi. Acha kuchimba, Konsolata."

Hakula ugali. Alilala mapema akiwa amefunga dirisha, na joto hili.

Nimekasirika. Umri ni wangu. Anauficha kama kitu alichoiba. Lakini nimemwona akirudi kuhakikisha redio imezimwa kweli, na hasira yangu imepungua nguvu. Anaogopa. Sisi hatukukaa kambini, tumekaa mtaani miaka yote hii, tuna majirani, tuna kaburi la baba hapa. Anaogopa nini?

Jumatatu, 17 Septemba

Hadija kapata miwani ya kuogelea, kaazima kwa mpwa wake. Nimeona chini. Samaki wadogo wenye mistari kwenye mawe, kila mmoja na jiwe lake, akija mwenzake anafukuzwa. Nilisahau kwamba naogelea. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimelipita dumu la njano, lile tunalogeuzia.

Hadija anasema bibi yake alikuwa anajua umri wa kila mtu Ujiji na alitumia ujuzi huo kuvunja uchumba wa watu. Yeye ana thelathini na minane, na ana uhakika. Nimemwonea wivu kidogo.

Alhamisi, 20 Septemba

Mwalimu Saidi ametukusanya kutueleza utaratibu. Kila mshindani ataandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito, na umri kwenye kigimbi cha mguu, ili anayekufuata ajue kama anashindana nawe au na mwingine. Nimependa. Umri wa watu utasomeka kwa nyuma. Mimi hukisia umri wa mteja kwa mabega yake, siku hiyo nitajua kama nakisia vizuri.

Nimemsimulia Mama wakati wa chakula, nikidhani nimepata jambo la kutuchangamsha. Akaacha kutafuna. Akauliza kama kutakuwa na mahema. Nikasema ndiyo, meupe. Kipaza sauti? Ndiyo. Watapanga watu mistari kwa umri? Ndiyo. Malori je? Nikacheka, nikasema Mama, ni mchezo. Akasema anajua ni mchezo, hakuuliza kama ni mchezo.

Nimeona aibu ya kile kicheko. Nilielewa baadaye, nikiwa naosha vyombo. Ufukwe, mahema, foleni, namba mkononi. Ameshawahi kusimama kwenye foleni kama hiyo, Kagunga, na mimi nikiwa nimemshika nguo.

Jumamosi, 22 Septemba

Siwezi kulala kabla sijaandika.

Nilitoka kabla ya Mama kuamka. Bangwe palijaa. Mahema, muziki, madumu ya njano majini. Binti wa meza ya kuandika akanishika mkono akaniandika namba, kisha akainama akaandika kwenye kigimbi: 44. Wino ulikuwa baridi. Nikaenda kwenye mstari wa kundi langu, nyuma ya Hadija. Mguu wake ulisema 38. Mbele yake askari polisi mmoja, 36, mapaja kama magogo. Nikajua hapa kazi ipo.

Ndipo bodaboda ikasimama, akashuka Mama. Kitenge cha kanisani, kiatu cha kanisani. Hakunitafuta mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akasimama kwenye foleni nyuma ya vijana waliovaa bukta, akangoja zamu yake. Watu wakaanza kutazama. Nikatoka mstarini nikamfuata.

Binti akamwamkia. Mama akaitikia marahaba, akanishika bega akanigeuza, akaonyesha mguu wangu.

"Andika arobaini na sita. Hiyo minne niliisema mimi, Kagunga. Walikuwa wanagawa maziwa kwa watoto wasiofika miaka mitano, na huyu alikuwa amefika sita. Yeye alikuwa mtoto, kosa si lake. Kama kuna wa kurudishwa, mwana wanje, mwanangu huyu, abaki. Mnirudishe mimi."

Binti akabaki na kalamu hewani. Miaka arobaini amelala na jambo hili. Alifikiri wakijua amewadanganya miaka miwili watasema amewadanganya yote, na karatasi zetu zote zitakuwa bure. Na asubuhi hii, akiamini hivyo bado, amepanda bodaboda kuja kulisema mbele za watu, ili mimi niandikwe sawasawa.

Mwalimu Saidi alikuja. Akavua kofia. Sikutegemea, maana ni mtu wa mizaha, lakini alizungumza taratibu.

"Shikamoo, Mama. Hapa harudishwi mtu. Hawa wanakwenda Simbo, na watarudi wenyewe, kama pumzi itawatosha."

Mama akamtazama usoni muda mrefu, kama anayekagua noti. Kisha akasema, "Ego," ndiyo ya kwao, akakaa kwenye kiti cha plastiki walichompa.

Binti akafuta tarakimu ya pili kwa pamba yenye spiriti. Haikutoka yote. Akaandika sita juu yake, nene zaidi. Nikahamishiwa kundi la arobaini na mitano kwenda juu. Wanaume kadhaa wenye vitambi, na mwanamke mmoja, mimi. Tulianza wa kwanza, kwa heshima ya uzee.

Kuogelea. Nilitazama chini kama nilivyojifunza. Samaki, mawe, halafu kina, buluu tupu. Baada ya dumu la kwanza nikainua kichwa kuangalia kama Mama bado yuko. Yuko, amesimama juu ya kiti, binti wa meza amemshikilia. Miguu ikazama palepale, nikanywa maji. Nikacheka ndani ya ziwa, jambo ambalo simshauri mtu. Nikarudisha uso chini.

Baiskeli sikumbuki sana. Upepo wa uso, mlima, askari polisi akinipita kabla sijafika Simbo, mguu wake ukinionyesha 36 mpaka ukapotea. Nilirudisha keria jana, na nikafunga robota dogo la vitambaa nyuma. Walinicheka wote pale mwanzoni. Kwenye mteremko sikuyumba.

Kukimbia niliteseka. Nasema wazi. Kuingia Ujiji wanafunzi walisoma mguu wangu wakaimba umri wangu kwa sauti, arobaini na sita, arobaini na sita, mpaka uwanjani. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nililia nikikimbia, na kulia kunamaliza pumzi.

Hadija alikuwa ameshafika kitambo, amekula machungwa. Askari alishika nafasi ya kwanza kwenye kundi lao. Mimi, kwa wanawake wa kundi langu, nimekuwa wa kwanza kati ya mmoja. Wamenivika medali. Hadija anasema ushindi wangu haujapata kuonekana. Nilimvika Mama, aliyekuwa ameletwa Ujiji kwa bodaboda. Akaigeuza, akaona nyuma haijaandikwa kitu, akaonekana kuridhika.

Jumapili, 23 Septemba

Siwezi kushuka ngazi ya kanisa. Nimeshuka kinyumenyume. Mama kanishika mkono, watu wakadhani mimi ndiye mzee.

Jumatano, 26 Septemba

Namba ya mkononi imetoka. Ya mguuni bado ipo, imefifia, na chini ya sita bado inaonekana nne. Sijaisugua.

Leo Mama amefungua dirisha mwenyewe. Tukakaa barazani, nikanyoosha mguu. Nilikuwa na swali moja limebaki na nilikuwa naliogopa, nikaliuliza hivyohivyo. Kama yale maziwa niliyapenda.

Nilidhani atasema chumvi imekwisha tena. Akasema niliyakataa. Yalikuwa ya unga, yamekorogwa kwenye kopo, nikasema yananuka chuma, nikafunga mdomo. Alinibembeleza, akanifinya, sikufungua. Na wanawake wengine wenye watoto wachanga walikuwa wanatazama.

"Nikayanywa mimi," akasema. "Nilijificha nyuma ya hema, nikayanywa. Kila siku, mpaka tulipoondoka. Halafu nikakubeba mgongoni, ile milima yote ya Kagunga. Sijui ningekubeba kwa nguvu gani nyingine."

Kumbe si umri aliokuwa anauficha, ni maziwa. Nikamwambia alifanya vizuri. Akasema hapana, halafu akasema labda. Akaweka kiganja chake kwenye kigimbi changu, juu ya namba, akauliza kama bado kinauma. Nikasema kinauma.

Asubuhi nitamchemshia chai ya maziwa. Hadija anasema kuna mama wa Katubuka anayekamua alfajiri, na njia ya kwake ni tambarare, nitaweza kuitembea.