Breki za Mzee Jamleck Zikipata Moto

Mpendwa Mama Nerima, nakusihi kabla hujafika mstari wa pili, haya yabaki siri yetu; ukilazimika kuyasoma katika kipindi chako cha redio badilisha majina yote, na ndiyo maana hata wewe sikutajii aina ya gari.

Mimi ni karani wa waranti, yaani dhamana ya matengenezo, katika duka la magari mapya hapa Nakuru, nina miezi minne kazini, na kazi nilitafutiwa na meneja wetu Bwana Muturi, mzee wa kanisa letu, ambaye mama yangu humwombea kila siku. Mwaka huu tulianza kuuza van ya aina mpya, na wateja tisa wamerudi wakisema breki hulegea wakiteremka mlima mrefu, lakini desturi ya gereji yetu ni kulilaza gari hadi kesho yake, kisha fundi Kibii analizungusha mjini, ambako hakuna mteremko wa maana, breki zinashika, nami naandika "Hakuna kasoro iliyoonekana" na kutia sahihi. Nilipouliza, Kibii alicheka. "Gari ikipoa ni malaika. We andika tu."

Mwezi uliopita ikaja barua ya kiwanda ikisema kuna kifaa cha breki kinachoshindwa kikipata moto, kibadilishwe bure, lakini kwa mteja atakayelalamika kwa maandishi mara tatu, na wengine wasiarifiwe. Bwana Muturi aliisoma, akanirudishia niiweke kwenye faili. "Ukiulizwa, msichana wangu, hizo sahihi ni za nani?"

Mzee Jamleck amelalamika kwa maandishi mara mbili. Anaishi juu Kinangop, na kila Ijumaa alfajiri huteremka hadi Longonot na akina mama kumi wa sokoni. Mara ya pili, barua ikiwa tayari kwenye faili, Kibii alimtania mbele ya watu, "Mzee, umezoea punda, hii haivutwi masikio!" Mzee alicheka pamoja nao, kisha akaniinamia kwenye kaunta. "Msichana, pedali ilizama mpaka chini. Tulisimamishwa na ukingo wa barabara. Niambie ukweli, ni mimi ama ni gari?"

Nikamwambia, "Endesha polepole, mzee." Akanishukuru, akaniachia kabichi mbili, nikazipika na sikuweza kuzila.

Nikisema, kazi imeisha, na fomu zote zina jina langu. Nifanye nini?

Usipige simu ya ofisi. Tuma ujumbe kwa namba iliyo nyuma ya bahasha, ni ya mama mwenye nyumba wangu huku mtaani Rhonda. Andika tu "nguo ziko tayari", nami nitakupigia.

JIBU LA MAMA NERIMA

Nimetuma ujumbe mara mbili, hujapiga. Leo ni Alhamisi, kwa hivyo nakujibu hewani, na majina ya watu na ya mahali nimeyabadilisha.

Pole, binti yangu. Mkubwa wako amejificha nyuma ya kalamu yako, na hilo ni jambo la aibu kwake. Lakini acha kujidanganya. Ulipojaza fomu za kwanza hukujua. Barua ilipofika, ulijua. Mzee alikuuliza swali la jibu moja, ukampa adabu badala ya ukweli. Polepole si breki!

Unaogopa sahihi yako? Ngoja isomwe mahakamani kando ya majina ya akina mama kumi.

Mpigie. Mwambie, "Mzee, ni gari. Usiliwashe." Livutwe hadi kwenu, na mkononi awe na malalamiko ya tatu kwa maandishi, nakala yake igongwe muhuri, hapo hawana njia ya kumnyima kifaa. Piga picha barua ya kiwanda na fomu zote za wateja tisa leo, kabla faili haijapotea, umpelekee wakili. Atakuonyesha ofisi ya serikali inayolinda wanunuzi. Na wale wateja wengine wanane nao wana simu. Kazi huenda ukaipoteza, sitakudanganya. Mama yako atalia.

Umenificha aina ya gari, basi mimi siwezi kumwonya mtu. Hata mzee akiwa ananisikia sasa, atadhani ni habari za mwingine, maana wewe ulimwambia tatizo ni mwendo wake. Namba yake iko kwenye fomu uliyotia sahihi. Alfajiri wanapakia mboga. Zima redio, umpigie.